Maharage Yaliyoota Moto

Jumatatu, tarehe nne. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na upepo wa baridi ulipenya mpaka chini ya milango. Mtoto wa zamu wa darasa la kwanza alibandika wingu la karatasi kwenye chati ya hali ya hewa, na chini yake matone matatu ya buluu. Mimi nilikuwa nimeshadeki darasa lile. Nililisoma neno "manyunyu" lililoandikwa pale, herufi kwa herufi mpaka likakamilika, kisha nikarudi jikoni kutenda dhambi.

Mimi ni mhudumu wa shule. Nafungua milango, nadeki, napika chai ya walimu. Watoto wananiita Bibi Funguo. Jikoni niliinjika kikaango juu ya moto mdogo, nikamimina maharage thelathini na manne yaliyokuwa mfukoni mwa aproni, nikawa nayageuza polepole kwa kijiko cha mti yasibadilike rangi. Nilihesabu muda kwa sala moja ndefu. Nilipofika "amina" nikayaepua.

Maharage yale yalikuwa ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mchana anafundisha watoto wa miaka sita na saba. Alhamisi jioni, darasani mule mule, anatufundisha sisi watu wazima tuliochelewa. Nina miaka hamsini na mitatu. Ilinichukua miaka mitatu ya kusali kabla sijathubutu kukaa kwenye vile viti vidogo.

Alhamisi iliyotangulia aliandika ubaoni: "Mbegu imeota." Akaninyooshea kidole.

"Mama, soma."

Nikasoma. Nilisoma bila kukwama, Mungu ni shahidi.

"Vizuri. Maana yake nini?"

Nilikuwa na furaha ya kusoma, sikufikiri. Nikasema, "Mbegu imelala, ikaona ndoto."

Alicheka mpaka akashika meza. "Imeota nini, mama? Imeota iko kwenye ndege?" Darasa zima meno nje. Hata fundi cherehani, ambaye mpaka leo anaandika jina lake kinyumenyume, alicheka.

Hilo ningelimeza. Lakini kesho yake niliingia chumba cha walimu na sinia ya chai nikamkuta anawasimulia wenzake, sauti yangu akaiigiza vizuri kabisa. Mwalimu wa michezo akanigeukia: "Karibu, Mama Ndoto! Leo chai umeiota au umeipika?"

Nikaweka vikombe. Nikatoka. Nikaapa kwamba kitini pale sirudi tena.

Siku tatu nilisali. Sikuomba nisamehe, niliomba alipwe. Mungu alinyamaza. Ndipo Jumatatu hiyo, kabla ya kengele, mwalimu akaja mbio na mfuko wa maharage.

"Mama yangu, nisaidie. Nichagulie thelathini na manne yaliyo mazuri, leo watoto wanapanda kwenye pamba. Mkaguzi anakuja Jumanne ya wiki ijayo. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, wananirudisha nyumbani."

"Nitakuchagulia, mwanangu," nikasema.

Nikachagua yaliyonenepa, yanayong'aa. Nikajiambia, kama kuota kuna maana nyingi, na haya yaote moto.

Watoto walipanda kwa shangwe. Kila mmoja alikuwa na chupa ya jemu, pamba iliyolowa, na harage moja lililobanwa kwenye kioo ili mzizi uonekane. Majina waliandika wenyewe kwenye vipande vya plasta, mengine yakapanda mlima na kuteremka. Chupa zikapangwa dirishani, karibu na saa za kadibodi na mikeka waliyosuka kwa vipande vya karatasi. Kibogoyo, binti aliyeng'oka meno mawili ya mbele wiki moja, alichaguliwa kuwa kiranja wa maji. Alipewa kopo lenye matundu, akalibeba kama kikombe cha ushindi.

Jumatano, hakuna kitu. Alhamisi, hakuna. Jioni hiyo wenzangu waliingia darasani, mimi nikapita nje na ufagio wangu bila hata kuchungulia. Ijumaa pamba ilianza kutoa harufu. Mwalimu alikuwa anainamia dirisha kila mapumziko, amejikunyata kama kuku wa mdondo, na mimi nilifagia veranda ile ile mara tatu ili nimtazame vizuri. Nilikuwa naimba. Siku nyingi sikuwa nimeimba kwa raha vile.

Mchana akaja jikoni, macho mekundu. "Mama, yale yaliyobaki yako wapi? Nikipanda leo, labda Jumanne mawili matatu yatakuwa yametoa hata kikia."

Mfuko ulikuwa nyuma ya birika, umejaa nusu.

"Yamekwisha, mwanangu. Panya."

Aligeuka akatoka. Roho yangu ikatulia kama mtu aliyeshiba. Malipo ni hapa hapa duniani, nikasema, na Mungu akichelewa sisi wengine tuna vikaango.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nikamkuta Kibogoyo peke yake darasani wakati wa mapumziko, sikio lake ameligandamiza kwenye chupa.

"Unafanya nini hapo, mjukuu wangu?"

"Shh! Bibi Funguo, utayaamsha."

"Nani?"

"Maharage. Mwalimu kaninyang'anya kopo. Anasema nimeyazamisha, nimeyaua yote. Wenzangu wananiita Muuaji." Alisema hivyo bila kulia, akipuliza hewa kwenye pengo lake. "Lakini hayajafa. Yamelala tu. Yanaota."

Nikaegemeza ufagio ukutani. "Yanaota nini?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto. "Yanaota yako makubwa."

Siku hiyo sikuweza kusali. Kila nilipofumba macho, sala ilianza kwa jina la Mungu ikaishia kwenye kikaango.

Jumanne mkaguzi akaja, mzee mwenye miwani minene, pamoja na mwalimu mkuu. Niliwafuata na sinia ya chai. Aliangalia saa za kadibodi, akazungusha mishale, akafurahi. Akasifu mikeka. Kisha akachukua chupa dirishani, akanusa, akakunja uso.

"Hii ni nini, mwalimu?"

"Jaribio la kuota kwa mbegu, bwana."

"Mbona hazijaota?"

Mwalimu akamnyooshea Kibogoyo kidole. "Kiranja wa maji alizidisha. Simama, umweleze mgeni."

Kibogoyo akasimama. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Nikaweka sinia juu ya dawati la karibu, vikombe vikalia.

"Mwache mtoto," nikasema. "Ni mimi. Maharage hayo niliyaotesha mimi."

"Uliyaotesha?" mkaguzi akashangaa. "Kama uliyaotesha, mbona hayajaota?"

Watoto wakacheka.

"Niliyaotesha moto, bwana. Kwenye kikaango. Yalikuwa yamekufa kabla hayajaingia kwenye pamba. Na yaliyobaki hayakuliwa na panya. Yako nyuma ya birika."

Mwalimu mkuu akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Mama," mwalimu akasema polepole, "nilikukosea nini mimi?"

"Neno lile lina maana tatu. Uliijua moja, ukanicheka kwa ya pili. Nikakupa ya tatu."

Nikaona linamfika. Uso ulimbadilika, akatazama ubao, kisha sakafu. "Ile ya ndoto," akasema.

"Ile ile. Na ukaipeleka kwenye chai."

Hakuniomba radhi. Wala mimi sikumwomba. Mwalimu mkuu akasema kwamba mhudumu anayeharibu masomo ya watoto anastahili kufukuzwa, na akaniuliza kama nina la kusema. Mkaguzi akafungua daftari lake, akaniambia, "Darasa hili nitalikagua upya baada ya siku kumi. Sema, mama. Naandika."

Nikasimama wima. Kwanza nikamgeukia Kibogoyo, kisha yule aliyenicheka.

"Mbele ya mkaguzi, mbele ya mwalimu mkuu na watoto hawa wote, naahidi. Leo hii napanda maharage mabichi thelathini na manne, na kopo la maji atashika kiranja wake, si mwingine. Ukinifukuza, mwalimu mkuu, nitayaangalia nikiwa nje ya dirisha. Na Alhamisi jioni, mwalimu, narudi darasani kwako. Nitakaa kiti cha mbele kabisa. Ukinicheka tena, kikaango sitakigusa. Nitasimama nikuulize mbele ya wote unacheka nini, na naapa kwa Mungu ninayemwomba, sitakaa mpaka unijibu."