Kalamu ya Mzee Dobrivoje

Nyumbani kwa Miloje hakuna anayealikwa siku ya Mtakatifu Luka. Ukimwalika mtu kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, umemtukana, kwa maana umeonyesha kwamba ulidhani angeweza kukosa. Mlango hufunguliwa asubuhi, mshumaa huwashwa, na anayekuja anakuja. Bojana, binti yake, aliyefika kwa basi la alfajiri kutoka Belgrade, alikuwa akipanga vijiko kando ya bakuli la ngano ya kuchemsha, huku akimwomba mtakatifu huyo huyo, kimoyomoyo, kwamba mwaka huu mtu mmoja asitokee.

Mtu huyo alikuwa mzee Dobrivoje, baba yake wa ubatizo.

Ombi la aibu hilo, na mwenyewe alijua. Dobrivoje ndiye aliyesimamia ndoa ya wazazi wake, kisha akamsimamia yeye kwenye ubatizo, kisha mdogo wake Veljko. Katika nyumba hii mkate wa mtakatifu hauvunjwi mpaka afike. Kaka wa damu unaweza kugombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba ukaishi salama, lakini msimamizi wako wa ndoa au ubatizo ukimkosea, kijiji kizima kinakuangalia kama uliyechoma kanisa.

Na Bojana alikuwa amemkosea vibaya.

Alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, ya ukarabati wa majengo ya kale, ada ilikuwa ya kukata pumzi. Benki ilikubali kumkopesha, lakini ilitaka mdhamini mwenye kipato cha uhakika. Kiwanda cha Miloje kilikuwa kimeshafungwa na yeye alikuwa akiishi kwa vibarua. Dobrivoje alikuwa amestaafu kazi ya reli, na pensheni yake iliingia kwa wakati, jambo ambalo treni zake hazikuwahi kulifanya. Walikwenda benki wote watatu. Karani, kijana mwenye tai nyembamba, akamgeuzia mzee karatasi.

"Soma kwanza, mzee."

"Nisome nini?" Dobrivoje alimtazama kana kwamba ametemewa mate. "Huyu nimempakata akilia kwenye maji ya ubatizo. Nikisoma, nitakuwa nimemshuku."

Akachukua kalamu, akatia sahihi kila palipoonyeshwa. Ndivyo watu wa huku wanavyodhaminiana, macho yamefumbwa, kwa kuona haya kusoma mbele ya mtu wao. Benki zinalijua hilo vizuri sana. Wala hazioni haya.

Bojana alifaulu. Cheti chake kikatundikwa sebuleni, karibu na sanamu ya mtakatifu, kikubwa kuliko mtakatifu mwenyewe. Alipata kazi ya mkataba kwenye monasteri moja ya kale, akapanda majukwaa ya mafundi, akakwangua chokaa, akawa na furaha. Halafu fedha za mradi zikaisha na mkataba ukaisha nazo. Sasa alikaa nyuma ya kioo katika duka la kubashiri mechi, akiwapokea wanaume wanaonuka sigara na kuweka mshahara wao kwenye magoli ya timu za Ufini. Nyumbani walijua yuko "ofisini."

Mshahara ulikwenda kwenye kodi ya chumba na kwenye benki, mpaka kodi ilipopanda na benki ikakosa. Wakapiga simu. Akaomba muda. Wakapiga tena. Mwishowe, mwanzoni mwa kiangazi, sauti ya mwanamke mwenye adabu zake ilimweleza kwamba, kwa kuwa yeye ameshindwa, benki itakata kwenye pensheni ya mdhamini. Bojana alishukuru. Ndiyo, alisema "asante," na neno hilo lilimchoma siku nyingi baadaye. Aliamua kumpigia Dobrivoje jioni hiyo hiyo amwambie. Jioni ikawa kesho, kesho ikawa wiki ijayo, na kadiri alivyochelewa ndivyo kinywa kilivyozidi kuwa kizito. Kiangazi kikaisha bila yeye kuinua simu.

"Bojana, mwanangu," alisema Rajka, jirani, ambaye hufika mapema ili asipitwe na neno, "majengo yote hayo ya kale unayoyakarabati, lini utaanza na mimi? Magoti yameshabomoka."

"Wewe, shangazi, utahitaji ruhusa ya serikali."

Rajka alicheka mpaka akashika meza. Bojana naye alicheka, sikio likiwa mlangoni. Ndipo aliposikia kikohozi kile kwenye ngazi.

Dobrivoje aliingia, kofia mkononi, viatu vimejaa tope la upande wa pili wa daraja. Alikuja kwa miguu. Miaka yote alikuja kwa teksi, amekumbatia pakiti ya kahawa na chupa ya dukani yenye nembo ya dhahabu. Leo alimkabidhi mama yake Bojana mfuko wa matufaha ya mti wa nyuma ya nyumba yake.

"Heri ya mtakatifu wenu, Ljubinka. Madogo mwaka huu, lakini matamu."

Anajua, aliwaza Bojana. Kumbe anajua kila kitu.

Mzee alifanya ishara ya msalaba, akala kijiko cha ngano, kisha akamsogelea na kumbusu mashavuni mara tatu kama kawaida. Na kama kawaida, akambinyia kitu kiganjani: noti iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidonge. Alimfanyia hivyo tangu akiwa mtoto, ya peremende, halafu ya vitabu. Bojana alitaka kumrudishia, lakini baba yake alikuwa amesimama hapo hapo anatabasamu.

"Umekonda, binti," Dobrivoje alisema. "Kula."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Miloje na Dobrivoje waliushika mkate kwa pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakauzungusha, wakaumwagia divai, wakauvunja.

"Kristo yu kati yetu," alisema Miloje.

"Yupo na atakuwepo," alijibu Dobrivoje, akabusu kipande chake.

Wakaketi. Supu ikaja, supu ikaenda. Miloje, shati jeupe limembana shingoni, aliinua kiglasi cha rakija, pombe kali ya matunda iliyopikwa nyumbani. Alikuwa na furaha kupita kiasi, na Bojana, aliyekuwa akitoka jikoni na sinia la kabichi zilizoviringwa nyama, alianza kuogopa kabla hata hajajua anaogopa nini.

"Msimamizi wangu," Miloje alisema, "kijana huyu naye amekubaliwa. Chuo cha Novi Sad! Shahada ya uzamili, uhandisi wa maji. Nitakuwa na watoto wawili wenye vyeti, ukuta hautatosha."

"Baba, tulisema tutaongea baadaye," alisema Veljko, masikio yamemwiva.

"Baadaye nini, hapa si kwetu? Dobrivoje, benki ni ile ile, kalamu ni ile ile. Jumatatu twende wote, kahawa juu yangu."

Dobrivoje alimaliza kutafuna. Hakumtazama Bojana. Alijitahidi sana asimtazame.

"Mimi sisaini tena, Miloje."

"Hujanielewa. Ni ya Veljko."

"Nimekuelewa. Sisaini. Nimezeeka, mkono unatetemeka."

"Unatetemeka!" Miloje alicheka, lakini peke yake. "Glasi umeishika hapo, haijamwaga hata tone."

"Miloje, kuna watu," alinong'ona Ljubinka.

"Waache wasikie. Kwa binti ulisaini bila hata kusoma. Kwa kijana unatetemeka. Kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Kijana mzuri sana."

"Basi mimi ndiye niliyekukosea. Sema, tujue."

Rajka aliacha kutafuna. Bojana alisimama na sinia, mvuke unampanda usoni. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye neno alikuwa yeye. Alifungua mdomo. Mbele yake palikuwa na uso wa baba yake, na nyuma ya uso huo, ukutani, jina lake kwa herufi za dhahabu. Akafunga mdomo.

Dobrivoje aliinuka polepole. "Asanteni kwa chakula. Ljubinka, mwaka mwingine wa supu isiyo na mfano." Akachukua kofia.

Bojana aliweka sinia mezani, akamfuata kwenye korido ya ngazi. Alimkuta akihangaika na vifungo vya koti, na mikono ilikuwa kweli inatetemeka.

"Baba Dobri..."

"Usifungue mdomo wako," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni siku ya mtakatifu."

"Amekuvunjia heshima kwa ajili yangu."

"Baba yako namjua tangu hajaota ndevu. Mimi atanikasirikia, atapoa. Wewe hatakukasirikia. Atakaa usiku kucha anajiuliza yeye alishindwa wapi. Mwache anikasirikie mimi."

"Ile pesa nitakulipa. Nakuapia."

"Pesa!" Alipunga kofia kana kwamba anafukuza nzi. "Nilifanya kazi reli, nimezoea kukatwa mshahara. Nilijua karani alipokataa kunipa pensheni kamili, nikasema, ah, mtoto amekwama. Nikakaa karibu na simu. Kiangazi chote, binti. Nilisema huyu atanipigia."

Akashuka ngazi, ameshika ukuta.

Bojana alibaki pale, machozi yakimtoka bila sauti. Mzee alikuwa amemwachia njia. Angenyamaza tu, na mambo yangekwisha hivyo: marafiki wawili wa maisha wangezeeka bila kusemeshana, na yeye angerudi nyuma ya kioo chake. Kutoka sebuleni alisikia sauti ya baba yake ikipanda.

"Na asikanyage tena hapa! Mkate wa mwakani nitauvunja na mtu yeyote, hata na mpita njia!"

Akarudi ndani.

"Hajakataa, baba," alisema. "Hawezi. Benki haimkubali tena, kwa sababu inamkata pensheni. Inamkata kwa ajili yangu. Sijalipa tangu majira ya kuchipua. Sina ofisi. Nauza tiketi za kubashiri mechi."

Rajka alisogeza kiti karibu, asipitwe na neno. Miloje alitazama kipande cha mkate alichokivunja na Dobrivoje, kilichokuwa bado kando ya sahani yake. Hakupiga kelele. Aliinuka, akapita mbele ya binti yake bila kumgusa, na wote wakasikia kandambili zake zikipiga ngazi kwa kasi.

Walirudi baada ya muda, Miloje kandambili zimejaa tope, amemshika mzee mkono kama anayemkamata mwizi. Nani aliomba radhi huko njiani, na kama aliomba, haijulikani mpaka leo.

"Keti," alisema Miloje.

"Naketi." Dobrivoje alimkata Bojana jicho. "Nilikwambia nini, wewe?"

Miloje alimimina rakija. Alipozungumza, hakumtazama binti yake.

"Deni limebaki kubwa?"

"Kubwa, baba."

Akatikisa kichwa, akamgeukia Veljko. "Yule wa karakana ya matairi bado anatafuta mtu wa kazi?"

Veljko aliweka uma chini. "Bado."

"Jumatatu nenda kamwone."

"Miloje, usimfanyie mtoto hivyo," alisema Dobrivoje.

"Wewe umeshasaini ya kutosha. Sasa ni zamu ya nyumba hii. Maji ya Novi Sad hayatakauka."

"Sawa, baba," alisema Veljko.

Bojana alikuwa ameamini kwamba akisema ukweli mlango utafunguka. Ulifunguka kweli, ila aliyesukumwa ndani ya deni alikuwa mdogo wake. Alimngoja amtukane. Alitamani amtukane, mbele ya Rajka, mbele ya mtakatifu, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Veljko alivuta sinia, akachagua kabichi iliyonona kuliko zote, akamwekea kwenye sahani.

"Kula, dada," alisema. "Zinapoa."

Noti ya mzee Dobrivoje ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwake. Bojana aliigusa, akachukua uma na kuanza kula, na Veljko akamsogezea chumvi.