Kichuguu Namba Tisa

Mama aliingia ofisini saa nne kasorobo asubuhi kuniletea miwani niliyoisahau juu ya friji. Akasimama ng'ambo ya meza yangu, akaiinamia picha ya Mwezi.

"Mwanangu, hili shimo mbona limekaa kama bakuli?"

"Hicho ni kichuguu namba tisa, Mama. Kimo cha goti. Nimekipima mwenyewe."

"Kichuguu gani! Macho yangu mabovu, lakini si kiasi hicho."

Nikacheka. Kisha nikazunguka meza, nikasimama aliposimama yeye. Lilikuwa shimo. Dogo, lililochimbwa na jiwe lililoanguka zamani, kingo kali, vifusi vimetapakaa pembeni, ndani giza tupu. Picha za Mwezini zina hila hiyo: ukiziweka juu chini, vivuli vinahama upande na shimo linajitokeza kama kilima. Ndiyo maana kwetu kila picha lazima igeuzwe na mtu wa pili kabla hajatia saini. Mimi nilichora ramani yetu picha ikiwa kichwa chini, mpumbavu mimi, na saini ya pili ipo juu yake, imekolea wino.

Saa nne kamili kigari chetu kilichoko Mwezini kilitakiwa kukipanda kichuguu hicho. Kikitumbukia, hakuna wa kwenda kukitoa, na kazi ya miaka sita imekwisha. Nami pia. Wiki iliyopita mkuu wetu, tunayemwita Rula akiwa hayupo, aliniambia kosa moja tu tena nifungashe virago.

Nilipanda ngazi mbili mbili, ramani mkononi, hadi chumba cha kuongozea kigari. Dereva wa kigari, ambaye nyumbani hana hata baiskeli, alikuwa ameshatuma amri ya kusonga mbele.

"Simamisha! Ni shimo!"

"Kamera haioni kitu dada, jua linaipiga usoni."

"Simamisha, nakuomba, ndugu yangu!"

Akabonyeza. Amri kwenda na picha kurudi ni kama sekunde tatu. Nikazihesabu.

Picha ikaja. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limening'inia, chini yake weusi mtupu. Kigari kilikuwa kimesimama ukingoni.

"Nani aliichora ramani hii?" akauliza Rula, aliyekuwa amesimama nyuma ya dereva.

"Mimi."

"Na nani aliihakiki?"

Nikampa ramani tu. Akaitazama saini yake mwenyewe. Ijumaa nilipompelekea, aliitia akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

Nikangoja anifukuze.

"Nani kaligundua hilo shimo?"

"Mama yangu. Yuko chini, mezani kwangu."

Rula akaivuta ramani ya safari ya kigari ya mchana, akaangalia saini zetu mbili, yangu na yake.

"Hii nayo picha yake sikuigeuza," akasema kwa sauti ndogo. "Kimbia, mwombe Mama asiondoke."