Kiti cha Gogo

Jumamosi alasiri dada alifuta meza, akapanga dadu na vikombe vya chai, kisha akamfungulia mlango Gogo, aliyekuwa amesimama nje tangu wiki ya mazishi.

Gogo alikuwa nusu-zimwi, mpiganaji wa shoka, ngozi ya kijani, meno mawili ya chini yametokeza. Marehemu kaka ndiye aliyemtunga kwa ajili ya mchezo wao wa mezani, ambamo kila mchezaji hujitungia shujaa na dadu huamua yatakayomkuta. Wenyewe walikuwa na kanuni yao: mchezaji asipokuwepo, shujaa wake hulinda mlango mpaka arudi. Kaka alipofariki hakuna aliyekumbuka kumpumzisha Gogo. Basi akaja kulinda.

"Shikamoo, mama," alisema, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Marahaba. Pole." Mama alimmiminia chai. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mimi nusu tu, mama. Hata nikila, nitabakiza."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Meza ile aliitengeneza baba, fundi seremala, pamoja na viti vinne: chake, cha mama, cha dada na cha mdogo wake. Kaka alizaliwa na mama mwingine, akaletwa pale akiwa mkubwa mkubwa. Yeye alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hadi alipougua. Gogo naye aliikalia bila kuuliza.

"Njoo ukae kwenye kiti changu," dada alimwambia.

"Nilivyotungwa, kwa mazimwi sina mkeka, kwa watu sina kiti."

Dada alizishika dadu asizirushe. Maneno hayo kaka aliyasema kila Jumamosi, na wote walidhani ni mchezo.

Akazunguka nyuma, kwenye karakana.

"Baba, mtengenezee kiti."

"Nani?"

"Gogo. Na mwanao."

Baba aliendelea kupiga randa. "Mbao hakuna, binti yangu."

Jumamosi iliyofuata baba alikuja na futi kamba. Alimpima Gogo kuanzia unyayo hadi utosi, akabomoa fremu, akauinua mlango. Gogo aliishikilia fremu mpya kwa mkono mmoja huku baba akipigilia misumari. Kazi ilikuwa safi. Majirani walipita kuisifu.

"Mgeni haumii kichwa kwangu," baba alisema.

"Ahsante, mzee," alijibu Gogo. Kaka naye alikuwa akimwita hivyohivyo, mzee.

Mbao zilizobaki zilitosha kiti, miguu na mgongo wake. Baba alizipanga vizuri stoo, akafunga kwa kufuli, akaja kunywa chai.

Gogo aliingia bila kuinama. Akaipindua ndoo, akaipangusa kwa kiganja, akakaa.