Nukta Nyekundu za Ng'ambo ya Mfereji

Sitaki kudanganya: nilimwonea Tupokigwe wivu tangu siku ya kwanza. Mimi, Kalinga, nimeongoza Mtaa wa Mikaratusi hapa Iringa miaka kumi. Yeye alihamia juzijuzi kutoka Mbeya, akafungua duka la vipodozi Mtaa wa Mferejini, ng'ambo ya mfereji wetu. Mwenyekiti wao alipohama, wakamchagua yeye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilizidi kuugua.

Kisha ikaja ramani ya taka. Ukiifungua kwenye simu unaliona lori likitembea mtaa kwa mtaa saa hiyohiyo, na mtu akituma picha ya lundo, nukta nyekundu inatokea mahali lilipo. Wenyeviti tukaitwa semina. Nilipofika mlangoni nikamkuta Tupokigwe amesimama mbele na kipaza sauti, ndiye mwalimu wetu. Nikageuza, nikaenda zangu kunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nifundishwe na mtu asiyejua hata kuitikia kamwene, salamu yetu Wahehe?

Na kwani kuna kipi kigumu? Binti yangu aliniwekea ile ramani, nikaielewa palepale: nukta nyekundu ni aibu, kama alama ya kosa ya mwalimu kwenye daftari. Basi nikaulinda mtaa wangu usipate hata moja. Uchaguzi ulikuwa Novemba, na nilitaka Mikaratusi ionekane safi kuliko yote.

Tatizo lilikuwa lundo la pale kona, jirani na meza ya Bibi Yusta, muuza maandazi. Yeye ana simu ya kitochi, haipigi picha. Kila asubuhi ananidaka.

"Mwenyekiti, umelituma lile? Nzi wananifukuzia wateja."

"Nimeshatuma, bibi. Vuta subira."

Uongo mtupu. Nilikuwa natuma ya Mferejini. Asubuhi na baridi yake navuka mfereji na koti langu, nikikuta maganda ya mahindi nayapiga picha kwa karibu yaonekane mlima. Wiki haikuisha, mtaa wa Tupokigwe ulikuwa umejaa vipele kama mtoto mwenye surua. Nilifurahi, nasema kweli.

Furaha haikudumu. Kila nikitazama ramani, lori limeelekea Mferejini. Jumatatu Mferejini, Jumanne Mferejini. Nikamsimamisha Shadrack, dereva.

"Huyu mama amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mzee. Mi nafuata ramani."

Eti anafuata ramani! Nikajua hapo pana jambo. Kwa wivu nikaongeza nukta. Kule kukang'aa mpaka watu wakaanza kupanda maua kando ya barabara. Lundo letu likafika usawa wa meza, na Bibi Yusta akawa anarudi nyumbani na maandazi yake karibu yote.

Mwishoni mwa Oktoba tukaitwa mkutano wa kata. Afisa mazingira akatangaza kwamba Mferejini ni wa kwanza kwa usafi, na kuna mtu mmoja wa kushukuriwa. Nikauma meno, nikijua atamtaja nani.

"Ametuma taarifa arobaini na moja, na lori limezifuata zote. Mzee Kalinga, njoo huku mbele!"

Makofi. Tupokigwe akanikabidhi toroli jipya, machozi yanamlengalenga.

"Asante, baba. Mtaa si wako, lakini umetuhangaikia."

Bibi Yusta akasimama kule nyuma.

"Afisa, na za kwetu alituma ngapi?"

Afisa akapekua simu yake. "Mikaratusi? Mbona hakuna hata moja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tupokigwe alimshika Bibi Yusta mkono wakatoka. Nikabaki na toroli langu. Muda si mrefu nikaiona kwenye simu nukta ya kwanza ya Mikaratusi, halafu lori likikata kona kuja kwetu.

Nilipofika, lundo halikuwepo na pamefagiliwa. Bibi Yusta alikuwa anamuuliza Tupokigwe kama sheria inaruhusu mtu kugombea mitaa miwili. Hata hapo, Mungu anisamehe, si aibu iliyoniuma. Bibi alikuwa amemfungia maandazi manne kwenye gazeti. Miaka kumi yote, mimi hajanifungia hata moja.