Shahidi Aliyengoja Zipu

Kwa maneno ya Mama Nimeona, punda hakupiga teke hivi hivi. Kwanza alimtazama mgombea kuanzia kofia hadi viatu, kama mama mkwe anayekagua mkwe asiyemtaka. Kisha akageuka taratibu, akapima umbali. Hapo muuza maji, mwenye punda, akainama sikioni mwa mnyama wake na kumnong'oneza neno moja tu, na kwato mbili zikapaa. Mgombea akatua dimbwini, suti nyeupe ikawa rangi ya ugoro.

"Nimeona kwa macho yangu haya," alimalizia, akavuta kope za chini ili kila mtu ayaone hayo macho yenyewe. "Na asubuhi hii nimekwenda kuandikisha kwa karani wa mtaa. Neno kwa neno."

Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha ushonaji, mguu mmoja ndani, mwingine nje, wa ndani wasikie na wapita njia wasikose. Jina hakulipata bure. Hakuna ndoa iliyovunjika, bomba lililopasuka wala mbuzi aliyezaa mapacha mtaani pale bila yeye kuona. Chumvi anayotia kwenye habari ingetosha kukausha samaki wa soko zima.

Ndani, msichana wa vifungo aliinua kichwa. Wateja humwita Sindano, kwa kuwa haongei, na ukija kushtuka umeshachomwa. Alikuwa akiifuatilia hadithi hii inavyonenepa. Jumatatu punda alipiga teke, basi. Jumanne akaota macho ya dharau. Jumatano akajua kupima umbali. Leo Alhamisi ndiyo mara ya kwanza kusikia habari ya kunong'ona, na huyo anayeambiwa amenong'ona ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake.

"Punda tangu zamani ni mpinzani," alisema mteja mmoja aliyeleta suruali ipanuliwe kiuno kwa mara ya tatu mwaka huu. "Hata masikio yake yanaonyesha. Hayalali."

"Mpinzani wa wapi?" alijibu mama wa pasi, bila kuacha kupuliza makaa. "Angekuwa na chama asingebeba maji. Angebebewa."

"Basi paka ndiye serikali. Analala mchana kutwa, ukimwamsha anakukwaruza, na chakula kikiiva yuko mbele."

"Na wewe ni kupe, kaka. Toka umeingia hujaacha kuvimba."

Wakacheka mpaka meza ya kukatia ikatikisika. Sindano hakucheka. Wajuzi wa wanyama hao! Siku nne wanachambua siasa za punda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huyo punda, aliyekamatwa Jumatatu kwa teke hilo na kufungwa nyuma ya ofisi ya mtaa, ametiliwa hata konzi ya majani.

Tena kisa chenyewe kilianzia humo humo chumbani. Mgombea aliagiza fulana mia tatu zenye picha ya punda, alama aliyoichagua kwa kuwa punda ni mnyenyekevu na mchapa kazi. Chini ya picha akataka neno moja kwa herufi kubwa: SHUKRANI. Karatasi ya maagizo ilitoka kwa wasaidizi wake, watu wa chuo kikuu, yenye sahihi tatu na mhuri. Sindano alipoiona fulana ya kwanza alimpelekea Fundi, mwenye chumba, akamwonyesha kwa kidole.

"Fundi, watu watamalizia."

"Watamalizia nini?"

"Shukrani ya punda ni mateke."

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Wewe umeishia shule ya msingi. Hawa wamesoma mpaka vitabu vimewaogopa. Utawasahihisha?"

Basi Sindano akarudi kwenye vifungo, fulana zikaenda. Siku mbili hazikupita, kila aliyevaa fulana ile alifuatwa na kwaya ya watoto: "Ni matekeee!" Wazee wakaimalizia barazani, wauza nyanya wakaimalizia sokoni. Wasomi hawakosei kidogo. Wakikosea, hukosea kwa jumla, vipande mia tatu.

Ili kuizima hiyo kwaya, mgombea akatoa wazo lililowazidi wasaidizi wake kwa ujinga: apigwe picha amempanda punda wa kweli, watu waone jinsi mnyama alivyo mpole. Jumatatu saa kumi wakamkuta mjomba bombani, punda ana madumu manne mgongoni. "Sikuwahi hata kusema neno," mjomba alisimulia nyumbani. "Bwana mkubwa kaja kwa nyuma, kashika mkia apandie. Mkia, mpwa wangu! Kadhani ni mpini wa mlango."

Ndivyo ilivyokuwa. Wapiga picha waliokuwapo wote ni wa mgombea, na wa mgombea haoni teke ila anapoambiwa aone. Kesho saa nne asubuhi anakuja mnunuzi wa ngozi kumchukua "mnyama hatari". Mjomba sasa anabeba madumu mwenyewe, mawili mawili, na shingo imeanza kuzama mabegani.

Mama Nimeona alipohamia duka la jirani kuanza upya, Sindano aliweka kifungo chini.

"Fundi, Jumatatu saa kumi huyu mama si alikuwa nyuma ya pazia letu?"

Fundi akainamia cherehani. "Mimi nashona. Sichungulii wanawake nyuma ya mapazia."

"Lakini ulimsikia akilalamika zipu yake inachelewa."

"Kuna fulana mia mbili nyingine za mgombea zinakuja," Fundi alisema, na kanyagio likaanza kwenda kasi, ingawa sindano ya cherehani haikuwa na uzi.

Sindano akatoka bila ruhusa. Ofisi ya mtaa haikuwa mbali. Karani alimpokea bila kuinua uso, kidole kikisafiri juu ya daftari.

"Hapa imeandikwa mwenye punda alimchochea mnyama. Kwa kunong'ona."

"Shahidi hakuwepo. Alikuwa kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika gauni lake."

"Wewe ni nani kwa muuza maji?"

"Mpwa wake."

"Haya. Ndugu hamshuhudii ndugu." Karani alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika sufuria iliyoiva. "Binti, mimi sina ugomvi na punda. Shahidi wangu ni mmoja tu. Akija mwenyewe akafuta maneno yake, nami nafuta, mjomba wako anamfungua mnyama wake. Lakini iwe leo, kabla sijafunga. Saa tisa nafunga, na kesho daftari halifunguliwi tena."

Dirishani nyuma yake yalionekana masikio mawili. Hayakusimama kipinzani wala nini. Yalikuwa yameanguka.

Sindano alimkuta Mama Nimeona nyumbani kwake, ameketi kibarazani na ungo wa mchele mapajani. Kwa mara ya kwanza hakuwa mlangoni pa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusikia ilivyokuwa? Kaa. Kwanza yule punda..."

"Jumatatu saa kumi ulikuwa kwetu, mama."

"Mimi?"

"Nyuma ya pazia. Umejifunga shuka, umekalia boksi la vipande vya vitambaa. Gauni lako la kijani lilikuwa mkononi mwangu, zipu imekwama. Kelele za bombani ziliposikika, ukaniuliza, 'We mtoto, kuna nini huko?' Nikakwambia sijui. Uliondoka saa kumi na moja, na ulitoka mbio hata chenji hukungoja."

Mama Nimeona alipeta mchele mara mbili. Makapi yakaruka, mengine yakamtua Sindano miguuni.

"Kuona si kwa macho tu, mwanangu. Redio haiendi kila mahali, lakini habari si inatoa?"

"Redio haiandikishi kwa karani."

"Loo! Kumbe mdomo unao. Ungeutumia kutafuta mume."

"Wakimchukua punda, mjomba hana kazi. Ana miaka sitini na miwili, mama. Nawe umekunywa maji yake miaka nenda miaka rudi, na siku za kiangazi anaanza na wewe kabla ya wenye magari."

"Sijasema mjomba wako mbaya. Nimesema alinong'ona. Kunong'ona ni dhambi?"

"Alinong'ona nini?"

Mama huyo alitazama njiani kama kuna anayepita. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo, haikufika hata kwenye uzio.

"Mgombea alinitumia mtu jana. Kijana wa heshima, ana tai. Amenikuta hapa hapa. Kasema wamesikia kwamba nilishuhudia, na Jumamosi nitakaa jukwaani, kiti cha mbele, nitambulishwe kwa kipaza sauti." Alipitisha kidole kwenye mchele. "Lakini kasema teke peke yake halitoshi. Kaniuliza kama mwenye punda hakusema chochote. Nikasema labda. Kasema, 'Fikiri vizuri, mama.' Nikafikiri vizuri."

Sindano alimtazama mtu mzima huyu, mwenye wajukuu watano, aliyeuza punda na mjomba kwa kiti cha plastiki. Dharau ilimpanda mpaka kooni, na hakujua aiteme wapi. Angeweza kumwambia kwamba Jumapili kile kiti kitarudishwa kwa mwenye kuvikodisha, na yule mwenye tai hatakumbuka hata njia ya kuja kibarazani hapa.

"Miaka yote nasimama milangoni mwa watu," Mama Nimeona alisema. "Hujawahi kuona mtu akiniambia karibu ukae. Hata nyinyi. Siku hiyo mlinikalisha kwenye boksi la vipande."

Hilo lilikuwa kweli. Sindano alilisikia likiingia, akalimeza pamoja na yale mengine. Jua lilikuwa limeshapita paa la bati la nyumba ya pili. Saa nane na nusu imeshapita, na kufika ofisini kwa mwendo wa mama huyu ni robo saa.

Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na ungo.

"Mama, sikuombi umseme vibaya mgombea. Sikuombi umsifu mjomba. Twende sasa, mimi na wewe, nitakushika mkono. Ukifika kwa karani sema neno moja tu: sikuwepo. Utanisaidia?"

Mama Nimeona aliinama, akatoa jiwe moja katika mchele, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka kando. Akatafuta jingine.