Trei Tatu za Mgawa Karata

Sanduku lilikaa miaka kumi na saba kwenye kabati la ukutani, nyuma ya jiko, na katika miaka yote hiyo mshona mapazia hakulifungua hata mara moja. Si kwamba hakutamani. Alitamani sana, binadamu ni binadamu. Ila mumewe alimwambia lisifunguliwe, unyevu utaingia, naye akaahidi, na akishatoa neno lake hageuki. Kila Jumamosi alilitoa, akalipangusa vumbi, akakagua utepe uliozungushwa kwenye mfuniko, akalirudisha. Wageni wakiuliza mna nini humo, aliwajibu kwa maringo kwamba mna watu mia tatu, na yeye ndiye mlinzi wao.

Hakuwa anapiga chuku sana. Mumewe alikuwa mgawa karata kwenye kasino, tangu ujana mpaka nyumba ile ilipofungwa. Wagawa karata wa pale walikuwa na desturi yao. Anayeacha kazi alichagua chipu moja ya mezani, ile duara ya udongo mgumu ambayo wachezaji huiweka badala ya noti, akaikwaruza alama yake ukingoni kwa sindano, akamwachia anayebaki. Huyo naye siku yake ikifika, aliziacha zote pamoja na ya kwake kwa mwingine. Mumewe ndiye aliyezima taa siku ya mwisho, kwa hiyo zote zikamwangukia yeye. Akazipanga kwenye trei tatu za plastiki, mia kila trei, safu tano za ishirini ishirini, zimebanana hata wembe haupiti. Wakusanyaji wa vitu vya zamani walikuja kuziulizia wakiwa wamevaa vizuri na kunukia vizuri. Aliwapa chai, akawaonyesha mlango.

Sasa mzee alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikasogea ndani taratibu, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakumficha: miezi mitatu, ikizidi minne, na tundu lenyewe litaziba. Asubuhi moja, kikombe mkononi, akamwambia mkewe kwamba anataka kuziona chipu zake kabla hajawa kipofu. Kesho, saa sita, pale dirishani penye mwanga. Akaendelea na chai yake.

Mwanamke akaona haitapendeza zitoke na uchakavu wa miaka yote hiyo. Basi mzee alipojilaza baada ya chakula, akalileta sanduku mezani, akaandaa kitambaa safi, akakata utepe.

Kwanza ilikuja harufu, kama ya viatu vipya vilivyoachwa juani. Kisha mfuniko wa trei ya kwanza ukagoma kutoka, na ulipotoka ukavuta nyuzi nyuzi za kunata. Plastiki ilikuwa imelainika ikalegea, na chipu zilikuwa zimezama ndani yake mpaka nusu. Nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyeupe, kijani kimekuwa rangi ya matope. Alijaribu kuinua moja kwa kisu cha mezani, ikavunjika ukingoni, palepale penye alama ya mwenyewe. Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu. Mambo yalikuwa yale yale.

Akakaa chini. Aliutazama ukuta wa kabati, akalitazama na jiko lililo upande wa pili, na moyo ukampasuka paa. Nani alichagua kabati lile? Ni yeye. Alilichagua kwa sababu ni kavu, akajisifu nalo, kumbe miaka kumi na saba kila anapobandika sufuria alikuwa anawapika wale watu mia tatu. Alilia kimya kimya, kitambaa safi mdomoni.

Jioni nzima akatafuta uongo wa kumfaa. Aseme wameibiwa? Lakini mwizi gani anaiba chipu na kuacha televisheni. Aende kwa wale wakusanyaji, akaombe chipu za nyumba nyingine, apange trei mpya? Mzee haoni vizuri, labda angedanganyika. Akamtazama anavyomega mkate, akaviona vile vidole. Vidole vile vilishika chipu miaka thelathini. Macho ungeweza kuyadanganya, vidole thubutu.

Kesho yake saa sita akalibeba sanduku mpaka dirishani, akaziweka trei mbele yake wazi kama zilivyo, akapiga moyo konde. Akamweleza yote, la kabati na la jiko, bila kujitetea. Alimwambia alikuwa mlinzi mbovu.

Mzee akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia trei, akalizungusha tundu lake la kuonea juu ya safu ya kwanza. Kisha akapitisha kidole, taratibu, chipu kwa chipu. Alipofika katikati akacheka kidogo. Akasema hawa wawili, msimamizi wa zamu na yule waliyemwita Saa Mbovu, walimaliza miaka tisa bila kusalimiana, na leo kuwaachanisha itabidi patafutwe msumeno.

Mkewe hakucheka. Alikuwa anamtazama usoni, na kuna kitu alikitafuta pale asikione. Mzee hakushtuka. Mtu anapoonyeshwa maisha yake yamegeuka uji, hushtuka hata akiwa jasiri wa namna gani.

"Ulikuwa unajua," akamwambia.

Mzee akakubali. Miaka mitatu iliyopita, mkewe alipokwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua, upweke ulimzidi, akalifungua. Akaona alichokiona, akafunga, akauzungusha tena utepe ule ule. Na jiko halikuwa na kosa lolote. Siku ile ya kuzipanga, chipu zilikuwa zimepauka, naye akataka zing'ae kama za siku ya kwanza, akazipaka zote mafuta ya watoto. Mwenzake mmoja alimwonya azitandaze juu ya kitambaa wiki nzima zikauke, ndipo aziweke kwenye trei. Yeye na haraka zake akazipanga na mafuta yake, akazibana, akafunika. Mafuta yakaila plastiki, plastiki ikazishika chipu. Hata angezificha kwenye pango, yangekuwa yale yale.

Mshona mapazia akahisi mzigo unamshuka mabegani. Haukuwahi hata kufika chini, hasira ikapanda mahali pake.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu umekaa kwenye kiti hicho ukiniangalia napangusa maiti. Nimewaringia watu. Nimemkatalia mpaka mjukuu asiliguse."

"Niliogopa. Ulikuwa unalipangusa kwa furaha, nikasema nitakwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa hivyo hivyo kila wiki."

"Na leo je? Si ungeendelea tu kunyamaza, ukafa nayo?"

Mzee akafuta vidole vyake vilivyokuwa vinanata. 

"Nikishapofuka utanisamehe kwa kunihurumia," akasema. "Utaniambia si kitu, mzee wangu, na mimi sitauona uso wako nijue kama ni kweli. Sikutaka msamaha wa kipofu. Nilitaka unikasirikie wakati bado naona."

Mwanamke akainuka, akampa kisogo. Alisimama dirishani, mikono kifuani, akitazama mtaa. Mtu mmoja alikuwa anaosha gari, anamwaga maji kwenye matairi, anazunguka.  Mzee hakumwita wala hakuomba. Na mkewe alijua, alijua vizuri sana, kwamba adhabu ilikuwa mkononi mwake. Alichohitaji ni kukaa vile vile. Leo kisogo, kesho shughuli za jikoni, keshokutwa mapazia ya watu, miezi mitatu si mingi kwa mtu anayejua kununa, na yeye kununa hakufundishwa na mtu. Roho ilimuuma, akaona hata yeye mwenyewe anaitamani ile adhabu.

Akakaa na tamaa hiyo mpaka mwosha magari akamaliza upande mmoja.

Kisha akageuka. Alizisogeza trei pembeni, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, maana kwa mbali mzee asingeweza kuusoma uso wake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na midomo inamtetemeka kwa hasira, hakufuta kitu.

"Haya, tazama," akamwambia. "Nimekasirika kweli."

Mzee akamshika kidevu, akaanza kumtazama kwenye paji la uso, kipande kwa kipande, kwa sababu tundu lilikuwa dogo. Ilimchukua muda mrefu kufika mdomoni. Mkewe akatulia, na hakutabasamu hata kidogo, ili aone alichokuwa amekiomba.