Meno ya Jaji Pongo

Katika milki ya Simba kila kitu kilikuwa cha Mfalme, isipokuwa kiti kimoja. Kiti cha Jaji Mkuu kilikwenda kwa zamu: aliyetangulia kuapa ndiye aliyetangulia kukikalia, na jaji aliyeng'oka jino la mwisho alirudi kwao kupumzika. Mfalme hakuulizwa.

Mzee Nyati alipotema jino lake na kuaga, zamu ikawa ya Pongo. Jaji Kongoni alimpongeza kwa kicheko huku roho ikimuuma. Waliapa asubuhi moja! Pongo alimtangulia kwa kuwa Kongoni alichelewa mtoni akijitazama pembe. Miaka kumi na tisa ameketi nyuma ya mgongo ule, akihesabu madoa yake badala ya kusikiliza mashahidi. Alimwonea kijicho hata kwa yale majani laini aliyopenda kula mchana.

Kesho yake akaenda ikulu.

"Mtukufu, zamu ikushinde nguvu wewe? Mwenye nchi ndiye achague."

Simba akalamba kucha. "Majaji watapiga kelele."

"Hukumu nitaiandika mwenyewe."

"Na wewe wataka nini?"

"Haki tu, Mtukufu."

Akaiandika kwa lugha tamu mno: Mfalme huchagua, na aliyechaguliwa naye haulizwi. Majaji wengine wakatia sahihi kwa woga. Pongo peke yake alikataa.

Siku ya uteuzi Kongoni alifika amepaka pembe mafuta. Mfalme akamtaja Fisi, shemeji yake, ambaye mahakama aliijua kwa kushtakiwa tu.

Kongoni akamgeukia Pongo kwa hasira. "Umefurahi? Tumekosa sote!"

Pongo akafungua kinywa. Lilibaki jino moja, nalo lilikuwa likicheza.

"Mimi nisingefika masika, ndugu yangu. Baada yangu ilikuwa zamu yako."

Kongoni alitaka kulia, akaona haya. Miaka yote ile hakuwahi kumtazama mwenzake usoni.

Fisi akagonga meza. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mama Swala, aliyeliwa mwanawe.

"Mshtakiwa nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa," Swala akasema.

"Ahaa! Jaji Kongoni, hebu tusomee ile hukumu yako nzuri. Pale penye 'haulizwi'."

Kongoni akasimama, akasoma. Swala hakumtazama Fisi hata mara moja, alimtazama yeye.